Inchi Sita Kabla ya Ngurario

Jumapili, 31 Agosti 2025

Leo nimempima Mama. Kifua 44, kiuno 42, nyonga 47. Kisha akachukua kitenge chake, kile cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa, akakikata kwa kiuno cha 36. Nikamwambia, Mama, umekosea inchi sita. Akasema hajakosea. Amekata mwili atakaokuwa nao.

Fundi wa nguo kwa miaka kumi na saba! Mteja akimwambia "nishonee ndogo, nitakonda", Mama humcheka mpaka mteja mwenyewe acheke. Leo amejifanyia yaleyale.

Najua sababu. Dada yangu Wakonyo anaolewa na Kinyua wa Kianyaga. Ngurario, harusi yetu ya kimila, ni Jumamosi tarehe 27 Septemba. Siku hiyo bega la mbuzi litakatwa na Wakonyo atakuwa mke wa watu rasmi. Wazee wa Kinyua walipokuja Julai kuzungumza, shangazi yake alimwona Mama akipita na sufuria, akasema kwa sauti, "Tuharakishe hii maneno, mama ya bibi harusi ameanza kukula mbuzi kabla tulete!" Watu wakacheka. Mama pia alicheka. Baadaye nilimkuta jikoni ameegemea ukuta, macho mekundu.

Jioni alikuja Tata Kagure, dada mdogo wa Mama, anayeuza mitumba Chaka. Ameleta mkebe wa unga wa kijani. Mkebe hauna jina la kiwanda, hauna tarehe. Ati ni mti wa huko juu mlimani. Kijiko kimoja kwenye maji moto kila asubuhi. Yeye mwenyewe ametumia: mashavu yameingia ndani na anaongea haraka kama mtangazaji wa mpira. Sharti ni moja. Usichanganye na dawa ya hospitali, mti utakataa kufanya kazi.

Mama ana tembe za presha. Humeza kila asubuhi tangu nikiwa darasa la sita. Nikawakumbusha. Tata akasema, "Wewe nawe! Presha yenyewe ni ya unene. Unene ukienda, presha itabaki kwa nani?"

Naandika ukweli: niliona ana hoja.

Nimepewa kazi ya kupakia unga kwenye vifuko vya khaki, kwa akina mama wa chama chao cha akiba watakaotaka. Na kwa kuwa mwandiko wangu ndio mzuri hapa nyumbani, nimeandika juu ya kila kifuko: MITISHAMBA HALISI. HAINA KEMIKALI. Vifuko thelathini. Kila kimoja nimekichorea jani dogo.

Vipimo vya Mama nimeviandika kwenye daftari la kazi. Mimi ndiye karani wake. Wateja huwapima yeye, akitaja namba mimi naandika. Daftari hukaa kwenye begi langu la shule, kwa sababu kwenye kibanda cha kushonea humwagikiwa na chai.


Jumatano, 3 Septemba

Mama hataki chakula. Amenipa githeri yake yote. Anasema hata harufu yake haimwiti. Anakunywa maji jagi kwa jagi, ati mdomo umekauka kama amelamba chaki.

Nilipoamka nilikuta sare sita za chama zimekwisha, pasi imepita! Usingizi haukuja, anasema, sasa angelala afanye nini? Anaimba huku anafagia. Sijamwona hivi tangu niitwe kidato cha kwanza.

Wakonyo alipita kupimwa gauni. Kiuno 33. Akaufungua ule mkebe, akanusa, akauliza ni nini. Mama akamwambia hiyo ni ya wazee, weka chini. Wakonyo akacheka, "Na mimi ni kijana wa lini, na nyama imejaa hapa?" Akajibana kiuno.


Jumapili, 7 Septemba

Kiuno 40! Wiki moja! Nimepima mara mbili.

Kanisani wanawake walimzunguka Mama kama nyuki. Phyllis, umefanya nini? Phyllis, usitufiche. Vifuko kumi na viwili vimeondoka leo, vyote vina mwandiko wangu. Mama Mugo alisoma kwa sauti, "Haina kemikali," akanipiga begani: "Msomi wetu." Nilifurahi.

Tembe za presha ziko nyuma ya redio. Zimeshika vumbi. Nimezifuta. Sijui kwa nini nimezifuta tu, bila kusema kitu.


Jumatano, 10 Septemba

Leo katika Biolojia tumejifunza kuhesabu mapigo ya moyo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa, dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia: sitini hadi mia moja. Mimi nilipata 74.

Nimefika nyumbani nikamwomba Mama mkono, nikasema ni homuwaki. Alikuwa ameketi tu, anachambua vifungo.

118.

Nikahesabu tena. 120.

Mama akasema sijui kuhesabu, ama ni mashine ya kushona imemtikisa. Lakini alikuwa hajakanyaga mashine tangu saa nane! Nimeandika hapa 118 na 120. Labda nilikosea. Natumaini nilikosea.


Jumamosi, 13 Septemba

Kiuno 38.

Sindano ya mashine imepita kwenye kidole cha Mama. Mikono inamtetemeka. Siku zote ndiye aliyekuwa akitunga uzi huku anatazama barabarani; leo amenipa mimi nitunge. Kisogo kinamgonga, anasema. Hewa ya gesi. Kiangazi. Kelele za harusi. Kila mara ana sababu mpya.

Wakonyo amepimwa tena. 31. Mama alicheka: mapenzi yamemla huyu. Imebidi gauni lipunguzwe.

Tata Kagure alikuja na mkebe wa pili. Nilimuuliza, kwa heshima, majani yanawezaje kuondoa njaa siku hiyohiyo. Mboga zote ninazozijua hazifanyi hivyo. Akamgeukia Mama: "Phyllis, huyu mtoto amekuwa daktari hata kabla ya mtihani wa KCSE? Ama ana wivu, sababu saa hii unamshinda kiuno?" Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama shingo ya Mama. Kuna mshipa unaruka pale. Nauona kutoka upande wa pili wa meza.


Jumanne, 16 Septemba

Nimemuuliza mwalimu wa Biolojia. Nilisema ni jirani. Jirani anakunywa unga wa mitishamba wa kukondesha, moyo unakimbia, hali chakula, usiku halali.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama jirani huyo ana presha. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama bado anameza tembe zake. Nikatikisa kichwa.

Akaniambia mambo haya, nayaandika yote kabla sijasahau. Baadhi ya vitu vinavyouzwa kama mitishamba ya kukondesha vikipelekwa maabara hukutwa vimetiwa dawa za viwandani, kimyakimya, ili mnunuzi aone matokeo haraka na arudi. Moja inaitwa sibutramini. Zamani madaktari waliiandikia watu. Nchi nyingi ziliiondoa kwa sababu iliwaletea baadhi yao kiharusi na mshtuko wa moyo, hasa wale ambao mioyo au mishipa yao ilikuwa na shida tayari. Huwezi kuiona. Huwezi kuionja. Na anayepakia anaweka kiasi apendacho, leo kidogo, kesho mara tatu. Hata anayeuza barabarani huenda hajui.

"Mwambie jirani aache leo," alisema, "na aende hospitali na huo unga mkononi. Asiuache nyumbani." Kisha polepole, "Jirani yako anaitwa nani, Nyaguthii?"

Nikasema simjui jina. Nimedanganya mwalimu kwa mara ya kwanza.

Njia nzima nilikuwa naona mwandiko wangu. HAINA KEMIKALI. Na lile jani!


Jumatano, 17 Septemba

Nimemwambia Mama. Nilimsomea kutoka humu nilivyoandika jana, neno kwa neno.

Kwanza alikasirika: nimemtangaza shuleni? Nikasema hapana, nilisema jirani. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. Akasema anajua moyo unakimbia. Anausikia kwenye mto akilaza sikio. Lakini zimebaki siku kumi tu, Nyaguthii wangu, na nguo imekatwa, kitenge hakina kipande kilichobaki, na yule mwanamke wa Kianyaga atakuwa amekaa mstari wa mbele.

Nikasema nitafumua mishono, tutaongeza kitambaa cheupe ubavuni. Akasema, "Niwekwe kiraka siku ya mtoto wangu?"

Ameniapisha. Nisimwambie Baba — yuko Nanyuki kwa kazi ya mjengo, atakuja mkesha wa ngurario. Nisimwambie Wakonyo kabisa, atalia na kuharibu kila kitu. Baada ya tarehe 27 ataacha, atarudia tembe, tutaenda hospitali pamoja.

Nimeapa. Sasa nina ahadi, na ninaiogopa kuliko mtihani wowote.


Ijumaa, 19 Septemba

Nimefanya jambo.

Mama alienda sokoni kununua zipu. Nilikuwa nimechuma thabai, yale majani yanayowasha, nyuma ya zizi tangu juzi, nikaianika juu ya bati, nikaisaga kwenye kinu mpaka ikawa unga. Viganja vyote vimevimba kwa kuwasha. Rangi ni ileile kabisa. Nimemimina unga wa Tata kutoka kwenye mkebe wa Mama na kutia unga wa thabai. Thabai tunakula na ugali kila mwezi, haijamdhuru mtu.

Ule wa Tata mwingi nimeutupa chooni. Kidogo nimeuhifadhi kwenye kimoja cha vile vifuko vya khaki, ndani ya mkebe wangu wa vifaa vya hesabu, chini ya bikari. Mwalimu alisema unga usiachwe nyumbani.

Ahadi sijaivunja. Sijamwambia mtu.

Ee Mungu, siku nane.


Jumapili, 21 Septemba

Mapigo 92! Leo alipokuwa amesinzia kwenye kochi nilimshika mkono. 92!

Amelala mchana kama mtoto. Alipoamka alikula chapati mbili na supu, akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikasema nimekumbuka kichekesho cha shule. Mkono umetulia. Alitunga uzi mwenyewe, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Wakonyo alikuja kuvaa gauni mara ya mwisho. 28. Mama alipunguza tena ubavuni, pini mdomoni. Wakonyo hakukaa hata kidogo, alizunguka chumba kama anayetafuta kitu, akanywa maji yote ya jagi. Furaha ya harusi.

Halafu Mama akataka apimwe. 38, vilevile. Akavaa gauni lake. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakataa. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Akasema, "Huu mti umechoka." Akampigia Tata simu.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningesema. Sikusema.


Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi kutoka shuleni, nimekuta mkebe mpya mezani. Tata ametoka nao Chaka asubuhi, ati huu ni wa nguvu. Wa zamani Mama amemwaga.

Kijiko kina alama mbili za unga. Vijiko viwili, amesema, kufidia siku zilizopotea.

Nilipofungua mdomo Mama alisema, "Umenyamaza vizuri mpaka hapa. Nimalizie siku tano."


Jumanne, 23 Septemba. Hospitalini, Nyeri. Saa tisa alasiri.

Naandika kwenye benchi. Sijui nifanye nini kingine na mikono.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilitoka chumbani nimevaa sare ya shule, begi mgongoni. Mama alikuwa kwenye mashine. Mguu wa kushoto ulikuwa unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, kasi sana, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Nikamwita. Akageuka. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alitaka kusema jina langu. Ilitoka sauti tu.

Nilikimbia barabarani. Jirani yetu Mzee Mutahi alikuwa anapakia mitungi ya maziwa kwenye pikapu. Aliishusha yote chini kwenye nyasi, hakuuliza. Tukamweka Mama mbele. Kutoka kwetu Mukurweini mpaka hapa nilimshika mkono wa kulia, na ule mkono haukunishika.

Tata Kagure, aliyepigiwa simu na Mzee Mutahi, alitukuta mlangoni. Presha ya Mama ilisomwa, muuguzi akasoma tena, akamwita mwenzake. Namba niliziona: 214 juu, 128 chini.

Daktari aliyekuja ni mwanamke wa Nanyuki, Fardowsa, amefunga mtandio wa kijivu. Aliuliza haraka: ana presha tangu lini? Anatumia dawa gani? Kuna kitu chochote kingine, cha duka, cha mti, cha rafiki?

Tata akasema, "Hakuna, daktari. Ni uchovu tu ya harusi."

Mama alikuwa ananitazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa linaniomba ninyamaze. Au lilikuwa linaniomba niseme. Sitajua.

Nikafungua mkebe wa hesabu. Rula ikaanguka, bikari ikaanguka. Nikampa kifuko. Nikasema: huu, tangu Septemba mosi, kijiko kimoja. Ijumaa mpaka Jumapili nilimbadilishia thabai bila yeye kujua. Jana akanywa mpya, vijiko viwili. Huenda na leo. Tembe za presha aliziacha siku hiyohiyo ya kwanza.

Ilichukua labda nusu dakika. Wiki tatu nzima ziliingia kwenye nusu dakika.

Tata alikaa chini sakafuni, na gauni lake zuri la Chaka. Aliniambia, "Mimi singempatia dada yangu sumu. Nyaguthii, hata mimi natumia." Daktari Fardowsa akamwita muuguzi amfunge naye kipimo cha presha hapohapo. Naye yuko juu. Wamempa kitanda. Ameniachia simu yake.

Mama amepelekwa kupigwa picha ya kichwa. Wakamwingiza kwenye lifti, mlango ukajifunga.

Daktari alirudi na kile kifuko ameshika kwa glavu. Akasoma. Akaniuliza nani ameandika. Nikasema ni mimi. Nilingoja anikaripie.

"Mwandiko ni mzuri," alisema. "Sasa niandikie hivyohivyo majina ya kila mtu aliyechukua. Wapigiwe simu leo. Waache, na waje tuwapime, na waje na unga wao."

Nikamwambia hatukuandika majina. Walichukua tu kanisani na kwenye chama, na wengine waliwaficha waume zao. Hawatakubali. Alisema basi tutawapigia tunaowajua.

Akaondoka. Ndipo nikakumbuka begi.

Daftari la vipimo! Wanawake wote wa chama wamo, kila mmoja na tarehe zake, kwa sababu ya sare. Nimelifungua hapa kwenye benchi. Mama Mugo: 45, 43, 40. Huyu ametumia. Mama Kihara: 39, 39, 39. Huyu hajatumia. Nilikwenda ukurasa kwa ukurasa na kalamu nyekundu. Walioshuka, duara. Nimepata kumi na mmoja. Nimewapigia tisa mpaka sasa. Wawili walinikatia. Mama Mugo alisema niache kuleta aibu. Nikamwambia mdomo wa Mama umeshuka upande. Akauliza hospitali ni ipi, anakuja.

Baba yuko njiani kutoka Nanyuki.

Nilifika ukurasa wa mwisho. Mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu, namba nimezipanga sawa kabisa chini ya jina, nimezipigia na mstari kwa rula:

Wakonyo. Kiuno. 33. 31. 28.

Niliandika kwa mkono wangu. Mama alitaja, nikaandika. Tulicheka.

Simu iliita mara ya kwanza, haikushikwa. Mara ya pili, haikushikwa. Mara ya tatu ameshika. Yuko Kianyaga, kwa akina Kinyua, peke yake, wengine wameenda kuchuma chai. Hajui habari za Mama bado. Nimemuuliza tu: ulichukua kifuko? Akasema viwili, nisimwambie Mama, alichukua siku ile ya kwanza ya kupimwa gauni, tulipokuwa nje. Lakini yuko sawa kabisa. Kifua kinambana kidogo. Amepanda kutoka shambani, ndiyo maana. Ameketi sasa, kwenye ngazi ya mlango.

Nimemwambia asisimame. Nimemwambia aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu kwa sauti mpaka nimwambie basi. Amecheka — ati na wewe na Biolojia yako. Nimemwambia hesabu.

Simu iko hapa kwenye benchi, sauti nimeifungua. Saa ya ukutani ina mshale mwekundu wa sekunde. Naandika huku nautazama.

Amesema tayari. Mshale uko kwenye kumi na mbili.

Anahesabu. Anahesabu haraka, maneno yanapandana. Sasa hacheki tena.

Amefika ishirini na sita. Mshale haujafika kwenye mbili, hata sekunde kumi hazijaisha.